Mkono Mmoja, Kitu Kimoja

Ni tufaha lililoumwa. Limechorwa kwa vidoti vichache vya rangi, dogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, na jina lake ni Leftovers. Katika FireRed na LeafGreen, michezo ya Pokémon iliyotoka Japani mwaka 2004, tufaha hilo limefichwa mahali alipokuwa amelala Snorlax, lile jitu la tumbo kubwa linalojilaza katikati ya njia hata asipite mtu. Mchezaji humwamsha kwa filimbi, hupambana naye, njia ikafunguka, na kwa furaha ya kufunguliwa njia wengi hutimua mbio bila kutazama nyuma. Anayekumbuka kurudi na kupekua pale palipolaliwa huokota masalio ya mlo. Hayang'ai, hayapigi radi, na hayamwongezei anayeyashika nguvu hata chembe. Lakini tangu yalipoonekana mara ya kwanza mwaka 1999, katika Gold na Silver, mabingwa wa mchezo huu wamejaribu vitu vya kila namna na bado huyarudia masalio hayo, wakiwakabidhi viumbe wanaotegemewa kukaa uwanjani muda mrefu.

Kazi yake haina fumbo. Kila zamu inapokwisha, aliyeyashika hurudishiwa sehemu moja ya kumi na sita ya uhai wake wote. Kiumbe mwenye uhai wa 160 hupata 10. Ni kidogo, pigo moja la adui laweza kuondoa 70 au 90, na mtazamaji mgeni akajiuliza hiyo 10 ni ya nini. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba kinahesabika: zamu nne ni 40, zamu nane ni nusu ya uhai mzima. Kiumbe anayejikinga zamu hii na kushambulia zamu ijayo huwa anakula taratibu huku mwenzake akipungua. Wachezaji makini wameifuata hesabu hii hadi kwenye mzizi wake. Mchezo hutupa sehemu za desimali, kwa hiyo mwenye uhai wa 159 hapati 10, hupata 9. Tofauti ya pointi moja ya uhai inazaa tofauti ya pointi moja kila zamu, na pambano linaweza kuisha kwa pointi moja. Ndiyo maana kuna watu wanaokaa jioni nzima wakimnoa kiumbe wao ili apande kutoka 159 hadi 160, na wakifanikiwa hulala wameridhika.

Mashabiki wa mbali huuona mchezo huu kama vita vya moto na maji, umeme na mawe. Walio ndani wanajua kwamba nusu ya vita humalizika kabla kengele haijalia, pale mchezaji anapofungua mfuko wake, anapita kwenye orodha ya vitu zaidi ya mia, na kujiuliza: huyu apewe nini? Sharti ni moja na halina msamaha. Kila kiumbe hushika kitu kimoja tu. Hakuna mkono wa pili wala mfuko wa akiba, na pambano la mchezaji kwa mchezaji likishaanza hakuna kurudi kwenye begi kubadilisha. Mshika mbili moja humponyoka, walisema wahenga. Watengenezaji wa mchezo huu waliamua kwamba hata hiyo ya pili isishikwe kabisa.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Satoshi Tajiri, mwanzilishi wa mchezo huu, aliyekulia Machida pembezoni mwa jiji la Tokyo, alikuwa mtoto wa kukusanya wadudu, na alipouona waya unaounganisha mashine mbili za Game Boy aliwaza wadudu wakitambaa ndani yake kutoka kwa mtoto mmoja kwenda kwa mwingine. Michezo ya kwanza, Red na Green, ilipotoka Februari 1996, viumbe waliopita kwenye waya ule walipita mikono mitupu. Watoto waliweza kubadilishana wakaaji, lakini wakaaji hawakuwa na mali. Snorlax wa mtoto huyu na Snorlax wa mtoto yule walitofautiana kwa mafunzo na kwa mbinu nne walizofundishwa. Miaka mitatu baadaye kikaja kitu cha kushika, na ghafla viumbe wawili wa jina moja wakawa na hatima mbili. Mmoja amebeba tunda la kumwamsha akilala, mwingine amebeba kucha inayompa bahati ya kutangulia, wa tatu hana kitu. Kwa mtazamo wa nje hawatofautiani. Adui hugundua kwa kuumia.

Kuna kisa kimoja kutoka kipindi hicho ambacho kila mpenzi wa mchezo huu angepaswa kukijua. Katika michezo ya awali, kumbukumbu ya kila kiumbe ilikuwa na nafasi ndogo, baiti moja, iliyohifadhi namba ya kuonyesha aina yake inakamatika kwa wepesi gani. Akishakamatwa, namba hiyo haikuwa na kazi tena. Ilibaki imekaa tu. Gold na Silver zilipotengenezwa, nafasi hiyohiyo ikapewa kazi mpya ya kueleza kiumbe ameshika nini. Kwa hiyo kiumbe wa zamani akivushwa kuja kwenye mchezo mpya, ile namba isiyo na kazi husomwa kama kitu mkononi. Sasa, mwaka 1998, mwaka mmoja kabla ya Gold, ilitoka Yellow, ambamo Pikachu humfuata mchezaji kwa miguu yake mwenyewe. Namba iliyowekwa kwenye nafasi hiyo ya Pikachu yule ni 163. Ndani ya Gold, 163 ni Light Ball, kitu kinachomfaa Pikachu peke yake na kumwongezea maradufu nguvu ya mashambulizi yake ya umeme. Kadabra wa mwituni ndani ya Yellow naye alipewa 96, ambayo ni Twisted Spoon, kijiko kilichopinda cha kuongeza nguvu za akili, na Kadabra ni kiumbe wa vijiko. Zawadi hizo ziliwekwa mapema, katika mchezo usiojua zawadi ni nini, zikisubiri mchezo wa kuzisoma. Aliyefanya hivyo alikuwa na upendo kwa kazi yake.

Vitu vya kushika vinaweza kuwekwa katika mafungu mengi, lakini lililo tajiri kuliko yote ni la vitu vinavyotoa kwa mkono mmoja na kuchukua kwa mwingine. Choice Band iliingia na Ruby na Sapphire mwaka 2002. Anayeivaa hupiga kwa nguvu mara moja na nusu, na hiyo si nyongeza ya kuchezea. Ukuta uliokuwa unasimama mapigo mawili huanguka kwa moja. Bei yake ni kwamba mbinu ya kwanza atakayoitumia ndiyo atakayolazimika kuirudia hadi atolewe uwanjani. Ana mbinu nne, anabaki na moja. Akianza na tetemeko la ardhi na adui akamwingiza ndege, tetemeko litapita chini ya mabawa, na zamu inayofuata mwenye nguvu nyingi hana la kufanya ila kutetemesha tena ardhi ileile mbele ya ndege yuleyule, au kukimbia. Mwaka 2006, na Diamond na Pearl, wakaja ndugu zake wawili, Choice Specs ya kuongeza nguvu za mashambulizi ya mbali na Choice Scarf ya kuongeza kasi, kwa sharti lilelile. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kinachouzwa hapa ni uhuru wa kubadili nia, na cha kushangaza ni wachezaji wangapi, hata walio bora, huona bei hiyo ni ya haki. Kuna viumbe ambao hata wangeachiwa mbinu zote nne wangetumia moja tu. Kwao kifungo hicho hakifungi kitu.

Mwaka huohuo ilikuja Life Orb, yenye bei ya namna nyingine. Haimnyimi mtu hiari. Mwenye nayo hupiga kwa nguvu zaidi kwa asilimia 30 na hubadilisha mbinu apendavyo, ila kila shambulio linalompata adui humla yeye mwenyewe sehemu moja ya kumi ya uhai. Hapa ile hesabu ya masalio hugeuka kichwa chini. Mwenye uhai wa 160 hupoteza 16; mwenye 159, kwa sababu desimali hutupwa, hupoteza 15. Namba iliyokuwa kasoro kwa aliyeshika Leftovers inakuwa faida kwa aliyeshika Life Orb. Kiumbe ni yuleyule, pointi ni ileile. Ukimuuliza mchezaji mzoefu kama 159 ni namba nzuri, atakuuliza kwanza kiumbe wako kashika nini.

Swali hilo la kumrudishia mwulizaji ndilo msingi wa jambo lote. Hakuna orodha ya vitu bora ambayo inaweza kusimama bila majina ya wabebaji pembeni, na anayenakili chaguo la bingwa bila kuelewa kwa nini bingwa alichagua hivyo hushindwa kwa silaha ileile iliyompa mwenzake kombe. Toxic Orb ndiyo ushahidi mkali kuliko yote. Ni kitu kinachomtia sumu kali anayekishika, sumu inayozidi kila zamu. Mwenye akili timamu angekitupa. Lakini yuko Gliscor, popo mwenye mkia wa nge, na baadhi ya jamii yake wana kipaji kinachoitwa Poison Heal: sumu ikiingia mwilini, badala ya kuwala inawaponya, sehemu moja ya nane ya uhai kila zamu, mara mbili ya yale masalio yanayosifiwa. Zaidi ya hapo, mwili uliokwisha kuingiwa na sumu hauwezi tena kulazwa usingizi wala kupoozwa na adui, kwa kuwa ugonjwa mmoja huziba nafasi ya mwingine. Conkeldurr mwenye kipaji cha Guts hupewa Flame Orb, aungue makusudi, kwa sababu mwili wake ukiugua mkono hupata nguvu mara moja na nusu. Kikulacho ki nguoni mwako, na kwa viumbe hawa wachache kilicho nguoni ndicho kinacholisha. Aliyewaza kwanza kumpa rafiki yake sumu ilibidi amjue rafiki huyo kuliko mtu yeyote.

Na kwa njia hiyohiyo mtu anaweza kumdhuru adui kwa zawadi. Mbinu ya Trick hubadilishana vitu kati ya kiumbe na mpinzani wake. Chansey, muuguzi wa waridi ambaye kazi yake yote ni kuwa na mbinu za aina aina, kuponya zamu hii, kutia sumu zamu ile, akiletewa Choice Scarf kwa Trick hupewa kasi asiyoihitaji na kufungwa kwenye mbinu moja asiyoweza kuiacha. Kitu kilichomfanya mtoaji awe tishio kinamfanya mpokeaji awe sanamu.

Chansey huyo anastahili kukaliwa naye kidogo. Kimaumbile ana hatua moja mbele yake: akiwa na furaha ya kutosha hukua na kuwa Blissey, mwenye nguvu zaidi kwa kila kipimo cha ulinzi. Kwa miaka mingi hakuna aliyekuwa na sababu ya maana ya kumzuia asikue. Kisha mwaka 2010, Black na White zikaleta Eviolite, kijiwe cha zambarau kinachoongeza ulinzi wa aina zote mbili kwa nusu, lakini kwa yule tu ambaye bado hajafika mwisho wa kukua kwake. Ghafla Chansey, aliyekuwa kituo cha njiani, akawa mgumu kuangusha kuliko Blissey, aliye kilele. Porygon2, ambaye naye hajafika mwisho wa kukua, akarudi uwanjani, na kaka yake mkubwa Porygon-Z akaendelea na shughuli zake za kushambulia. Kijiwe hiki kina jambo ndani yake linalogusa zaidi ya mchezo. Kinampa thamani aliyebaki nyuma bila kumtaka aharakishe, na thamani yenyewe hutokana na kile ambacho bado hakijatimia ndani yake. Siku akikua, kijiwe kinakuwa jiwe tu. Wala si ushindi usio na gharama: Chansey aliyeshika Eviolite hawezi kushika Leftovers, na mbinu ya Knock Off ikimpokonya kijiwe anabaki na mwili laini wa mtoto mbele ya wakubwa. Tangu mwaka 2013 Knock Off imekuwa balaa zaidi, kwa kuwa X na Y ziliipandisha nguvu kutoka 20 hadi 65, na kuongeza nusu tena anayepigwa akiwa ameshika kitu kinachopokonyeka. Mwenye mali hupigwa zaidi kwa sababu ana mali.

Vipo pia vitu visivyokubali mikono miwili tofauti. Light Ball haimsaidii Raichu, ingawa Raichu ni Pikachu aliyekua. Pikachu anayelelewa akiwa ameishika anaweza kuzaa mtoto, Pichu, anayeijua mbinu ya Volt Tackle tangu yai, kwa hiyo kitu kinageuka urithi. Thick Club, mfupa mnene, ni wa Cubone na Marowak, na huongeza nguvu zao za mkono maradufu. Simulizi ya mchezo inasema Cubone ni yatima anayevaa fuvu la mama yake kichwani na kulia usiku. Kwa takwimu zake za kawaida Marowak hana makali ya kumtisha mtu, na mchezaji asiyempa mfupa huo atamwona mzigo. Akiwa nao, ni mmoja wa wapigaji wakali kuliko wote waliowahi kuchorwa. Wabunifu wangeweza kumpa nguvu hizo moja kwa moja. Waliona afadhali ziwe nje yake, mkononi, mahali zinapoweza kupokonywa.

Wala kitu cha kushika si lazima kiongeze nguvu au ulinzi. Charizard, joka la moto lililopamba boksi la Red, aliteseka miaka kumi na tatu kwa sababu ya kokoto. Mbinu ya Stealth Rock, iliyosambaa tangu mwaka 2006, hutawanya mawe makali yanayomchoma kila anayeingia uwanjani, na kwa aliye moto na ndege kwa wakati mmoja mawe hayo huchukua nusu ya uhai kabla hajafumbua kinywa. Wachezaji waliompenda walimwacha nyumbani. Mwaka 2019, Sword na Shield zikaleta Heavy-Duty Boots, viatu vizito. Havimzidishii moto. Vinamwezesha kukanyaga sakafu. Pengine hakuna kitu katika mchezo mzima kinachoonyesha wazi hivyo kwamba kumsaidia mtu huanza kwa kuuliza anaumizwa na nini, na jibu linaweza kuwa jambo dogo la mlangoni ambalo wenye nguvu nyingine hawajawahi kuliona.

Mdharau mwiba mguu huota tende, na mwiba wenyewe ni Rattata. Ni panya, kiumbe wa kukutana naye hatua chache nje ya kijiji cha kwanza, na wachezaji wengi humsahau kabla ya mji wa pili. Kuna waliomchukua akiwa kwenye kiwango cha 1, uhai wake 11 au 12, wakamshikisha Focus Sash, mshipi unaomwezesha mwenye uhai kamili kustahimili pigo lolote na kubaki na uhai wa 1. Kisha humsimamisha mbele ya joka la kiwango cha 100. Joka linapiga, panya anabaki na 1. Panya anajibu kwa Endeavor, mbinu inayoushusha uhai wa adui ulingane na wake. Joka sasa lina 1. Zamu inayofuata panya anatumia Quick Attack, inayotangulia bila kujali nani ana kasi zaidi, na joka linaanguka. Mpango huu una mashimo yake: dhoruba ya mchanga humwua panya zamu inapokwisha, mawe ya Stealth Rock humharibia uhai kamili kabla mshipi haujafanya kazi, na mizimu haiguswi na mbinu zake zote mbili. Lakini unapofanikiwa, udhaifu wa panya ndio silaha yenyewe. Angekuwa na uhai mwingi, Endeavor isingekuwa na maana. Mshipi haukumfanya awe simba. Ulimpa dakika moja ya kuwa panya mbele ya joka na kutokufa.

Baada ya yote hayo, mikono mitupu nayo ina wenyewe. Mkono mtupu haulambwi, lakini ipo mbinu ya Acrobatics, yenye nguvu 55 kwa aliyebeba kitu na 110 kwa asiyebeba. Kipo kipaji cha Unburden, kinachoongeza kasi maradufu mara tu kitu kinapoondoka mkononi. Hawlucha, mwanamieleka mwenye manyoya, huingia akiwa ameshika mbegu, mbegu hutumika, na palepale kasi yake hupanda hadi hakuna wa kumfikia. Kwake kitu kina thamani kwa sababu kitakwisha. Mchezaji anayempangia Hawlucha huwaza kuhusu saa ya kuachia, jambo ambalo katika vitu vingine halimjii kichwani kabisa.

Mashindano rasmi yana sheria moja zaidi, nayo ndiyo inayoigeuza shughuli hii kuwa ya kuumiza roho. Katika kikosi cha viumbe sita, hairuhusiwi viumbe wawili kushika kitu cha aina moja. Masalio yakienda kwa mmoja, watano wengine wameyakosa. Kila zawadi ni uamuzi juu ya nani atanyimwa. Ni kama mzazi mwenye watoto kadhaa shule ya bweni, blanketi zito liko moja: anatazama nani hulala karibu na dirisha, nani ana kifua kibovu, nani hatalalamika hata akitetemeka. Yeye mwenyewe hatakuwepo bwenini. Mchezaji pia, kwa namna fulani, hayupo uwanjani. Anaamuru kutoka nje, na mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, rahisi kuupima kwa macho na mgumu kuujua kwa bega.

Agosti 2014, jijini Washington, Sejun Park wa Korea Kusini aliingia kwenye mashindano ya dunia akiwa na kikosi kilichokuwa na Pachirisu. Huyu ni kindi mdogo wa umeme, mweupe mwenye mistari ya buluu, ambaye takwimu zake zingemweka mkiani mwa orodha yoyote iliyopangwa kwa nguvu. Wapinzani walileta majitu. Park alimpa Pachirisu Sitrus Berry, tunda linalorudisha robo ya uhai pale unaposhuka hadi nusu au chini yake, na akamfundisha Follow Me, mbinu ya kuyavuta mashambulizi yote yamwelekee yeye na kumwacha mwenzake salama. Kazi ya kindi ilikuwa kupigwa. Tunda lile moja lilimpa uwezo wa kupigwa mara moja zaidi ya ilivyotarajiwa, na mara hiyo moja zaidi ilikuwa zamu nzima ya uhuru kwa jitu lililosimama pembeni yake. Park akawa bingwa wa dunia. Wengi walioshangilia walisema moyo umeshinda takwimu. Heshima kubwa zaidi ni kusema kwamba alikuwa amezisoma takwimu vizuri kuliko wengine, akajua hasa kindi huyo anaweza kubeba nini na kwa ajili ya nani.

Baadaye, katika mashindano mengi rasmi ya Scarlet na Violet, siri hiyo ya mkononi iliondolewa. Kabla ya pambano wachezaji walibadilishana orodha, na kila mmoja alisoma kiumbe gani wa mwenzake ameshika nini. Waliozoea kushtukiza walinung'unika, na ni kweli Focus Sash ya kushtukiza ilikuwa na utamu wake. Lakini mabadiliko hayo yameutendea mema uchaguzi wenyewe. Kitu kinachofanya kazi kwa sababu tu adui hakijui kimepoteza nusu ya thamani yake. Kilichochaguliwa kwa kumfaa mbebaji kimebaki na thamani ileile, hata kikisomwa na wote.

Ndiyo maana mjadala juu ya Incineroar haukomi. Huyu chui milia wa mieleka, aliyeonekana kwanza katika michezo ya Sun na Moon ya mwaka 2016, amekuwa mmoja wa viumbe wanaotumika zaidi katika mapambano ya wawili wawili, na hana kitu kimoja kinachokubalika na wote. Assault Vest humwongezea nusu ya ulinzi dhidi ya mashambulizi ya mbali, lakini humzuia kutumia mbinu yoyote isiyo ya kushambulia, na Parting Shot, ile ya kumnyong'onyeza adui huku akijiondoa, iko miongoni mwa zinazozuiwa. Sitrus Berry humwongezea maisha bila kumnyima chochote, ila ni tunda ambalo nusu ya kikosi inalitaka. Safety Goggles ni miwani tu, na katika mapambano mengi haitafanya kazi yoyote, mpaka upande wa pili aingie Amoonguss, uyoga anayelaza watu usingizi kwa unga wake. Hapo miwani inazuia unga wa usingizi na hata ule wa Rage Powder unaovuta mashambulizi, na Incineroar anampita uyoga na kumfikia aliyejificha nyuma yake. Je, uyoga watakuwa wengi wikiendi hii? Mchezaji anakisia kutokana na mashindano yaliyopita, anampa chui miwani, halafu anakumbuka kwamba yuko mwingine kikosini anayeogopa usingizi kuliko chui, na miwani ni moja. Anafuta orodha nzima na kuanza tena, kiumbe wa kwanza hadi wa sita, huku muda wa kuiwasilisha ukikaribia kwisha.